Uso Kama Uwanja wa Vita: Lenzi ya Kuazima katika This Is War!

Mwaka 1951 kampuni ya Harper & Brothers ya Marekani ilichapisha This Is War!, kitabu cha picha cha David Douglas Duncan kinachosimulia miezi ya mwanzo ya Vita vya Korea. Duncan alikuwa mpigapicha wa jarida la Life, na kabla ya hapo alikuwa askari wa kikosi cha Marine cha Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Kitabu kina sehemu tatu: kilima kinagombaniwa, mji wa Seoul unatwaliwa, kisha jeshi linarudi nyuma katika baridi kali ya Desemba 1950. Waliokizungumzia wamesema mengi kuhusu ushujaa, uchovu na huruma iliyomo. Hayo ni maudhui, na yanastahili kusemwa. Lakini anayeishia hapo ni sawa na msomaji wa shairi asiyejali vina na mizani: habari ameipata, shairi limempita.

Mimi nataka kukisoma kitabu hiki kuanzia pale fani yake ilipoanzia, yaani kwenye kioo. Duncan alibeba kamera za Leica IIIc zilizotengenezwa Wetzlar, Ujerumani. Mbele ya kamera hizo alifunga lenzi za Nikkor, kazi ya kampuni ya Nippon Kogaku ya Tokyo, ambayo leo tunaiita Nikon. Zilikuwa lenzi za kampuni nyingine, za bei nafuu kuliko za Kijerumani, zenye tundu kubwa linalopitisha mwanga mwingi. Hoja yangu ni kwamba uamuzi wa kuuvisha mwili wa kamera moja jicho la kampuni nyingine ndio uliompa Duncan lugha yake. Umbali kati yetu na askari, ukubwa wa uso ndani ya fremu, na kiasi cha nchi kinachobaki nyuma ya uso huo, vyote vinatokana na ndoa hiyo. Nguvu ya kitabu imo humo, na udhaifu wake pia.

Picha iliyotangulia

Kisa kinaanzia Tokyo mwaka 1950, kabla vita havijalipuka. Jun Miki, mpigapicha Mjapani aliyefanya kazi na ofisi ya Life mjini humo, alimpiga Duncan picha ya uso kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85 yenye tundu la f/2. Duncan alipoiona picha iliyosafishwa alishangazwa na ukali wake. Yeye na mpigapicha mwenzake, Horace Bristol, wakaenda kiwandani Ohi, wakapokewa na rais wa kampuni, Masao Nagaoka, na huko wakazipima lenzi za Nikkor kwa kuzilinganisha na za Kijerumani walizozizoea. Duncan akahama. Leica zake alibaki nazo, ila macho yake akayabadilisha. Tarehe 25 Juni 1950 vita vikaanza, naye akaenda Korea na vioo hivyo vipya.

Mhakiki asiipite haraka picha ile ya Miki. Lenzi iliyokuja kuandika vita ilimfikia Duncan kwanza kama lenzi ya sura, tena kwa sura yake mwenyewe. Alijua uso wa mtu unavyokuwa ukipita katika kioo kile: kila unywele wa ndevu umehesabika, mboni ya jicho ina uhai, na nyuma kumetulia. Miezi michache baadaye aliichukua desturi ya studio, ile ya kumkalisha mtu na kumsoma uso, akaipandisha kilimani chini ya mizinga.

Kwa nini asipate lenzi kama hiyo kwa Leitz, waliotengeneza kamera yake? Katika urefu ule, lenzi yao ya kawaida ilikuwa Elmar ya milimita 90, nyepesi na nzuri, lakini tundu lake halikuzidi f/4. Walikuwa pia na Summarex ya milimita 85, f/1.5, ambayo ilikuwa nene, nzito na ghali. Nikkor ilikaa katikati ya hizo mbili, mahali palipokuwa patupu. Kutoka f/4 hadi f/2 mwanga huongezeka mara nne. Pale ambapo Elmar ilihitaji sekunde 1/30, Nikkor ilitosheka na takriban 1/125. Lenzi ndefu hukuza kila mtikisiko wa mkono, na chini ya mawingu ya mvua tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi na sura ya mtu au na ukungu. Bei nayo ilikuwa upande wa mnunuzi: tangu Aprili 1949 dola moja ilikuwa imefungwa kwenye yeni 360, na kwa Mmarekani aliyelipwa kwa dola, kioo cha Kijapani kilikuwa rahisi kukipata.

Madirisha mawili

Lenzi ngeni haigeuki jicho la kamera kwa sababu tu skrubu zimekubaliana. Leica ya wakati ule ilipokea lenzi kwa skrubu ya milimita 39, na kutoka kwenye mdomo wa kamera hadi kwenye filamu ni milimita 28.8. Hivyo ni vipimo vya nje, na karakana yoyote yenye mashine nzuri inaweza kuviiga. Ugumu uko ndani, kwenye renjifainda, mtambo unaoiwezesha kamera kupima umbali.

Renjifainda hutazama kitu kimoja kupitia madirisha mawili yaliyoachana kidogo, na katika Leica ile ni milimita 39 tu. Ndani ya kitazamio huonekana sura mbili za kitu kimoja. Mpigapicha huzungusha lenzi mpaka sura hizo zilaliane na kuwa moja, na hapo kitu kimelengwa. Kinachounganisha lenzi na mtambo huo ni pete iliyo nyuma ya lenzi, ambayo husukuma mkono mdogo ulio ndani ya kamera. Mkono huo unaelewa mwendo wa aina moja tu, ule wa lenzi ya milimita 50. Lenzi ya milimita 50, ikitoka kulenga mbali kabisa hadi kulenga mita 1, husogea mbele kiasi kisichofika milimita 3. Lenzi ya milimita 85, kwa safari hiyohiyo, husogea karibu milimita 8. Kwa hiyo fundi wa Ohi alilazimika kuunda lenzi yenye miendo miwili: vioo vinasogea kwa kipimo chao, na pete ya nyuma inasogea kwa kipimo cha mwenyeji. Pete ikikosea hata sehemu ndogo ya milimita, umelenga jicho na kilichotoka kikali ni ncha ya pua.

Kampuni hiyo haikuwa ngeni katika kupima umbali. Nippon Kogaku ndiyo iliyotengeneza vipima umbali vya mita 15 vya manowari Yamato ya Japani, na kanuni yake ni ileile ya madirisha mawili, ila yameachanishwa kwa upana wa nyumba ili mizinga ipate shabaha ya meli ya adui iliyo mbali baharini. Duncan alipigana upande wa pili wa Vita Kuu ya Pili, na tarehe 2 Septemba 1945 alikuwa kwenye manowari Missouri akipiga picha za Japani ikisalimu amri. Miaka mitano baadaye anafunga kioo cha kiwanda hichohicho kwenye kamera ya Kijerumani, anapima umbali wa mita mbili, na mbele yake yuko kijana anayelia. Sisemi Duncan alikusudia fumbo lolote. Nasema kwamba vifaa huja na historia zao, na katika kitabu hiki ustadi uliolelewa na vita unatumika kuonyesha gharama ya vita.

Kuna jambo jingine kuhusu mtambo huu ambalo linagusa fani moja kwa moja. Katika Leica IIIc dirisha la kulengea na dirisha la kupangia picha yametengana, na kwa lenzi ya milimita 85 hulazimu kupachika kitazamio cha tatu juu ya kamera. Mpigapicha analenga kwanza, kisha anahamisha jicho, ndipo anapanga. Zaidi ya hayo, kitazamio hicho hakimwonyeshi ukungu. Mbele na nyuma vyote huonekana vikali, kwa sababu yeye hatazami kupitia lenzi. Sura iliyojitenga na mandhari yake hataiona mpaka filamu isafishwe. Inambidi aijue kabla. Kwa hiyo tunapomkuta askari wa Duncan amesimama peke yake ndani ya kijivu, tujue utengano ule uliamuliwa kichwani kabla ya kuonekana popote. Huo ndio ufundi wa mtunzi: kusikia mstari kabla haujaandikwa.

Ndani ya kioo

Lenzi hizi za Nikkor zilikuwa za ukoo wa Sonnar, ubunifu wa Ludwig Bertele uliotoka na kamera ya Contax mapema miaka ya 1930. Siri ya Bertele ilikuwa kugandisha vioo kadhaa pamoja ili mwanga ukutane na hewa mara chache. Kila mahali hewa inapokutana na kioo kisicho na utando, asilimia 4 hivi ya mwanga hurudi nyuma na kuzurura ndani ya lenzi, ikififisha weusi wa picha. Nikkor ya milimita 85 ina vioo vitano katika mafungu matatu. Nyuso zinazogusa hewa ni sita tu, nazo zilipakwa utando wa kupunguza mwako. Matokeo yake ni weusi unaobaki weusi hata mbingu ikiwa nyeupe nyuma ya kofia ya chuma.

Lenzi za ukoo huu zina tabia zake. Tundu likiwa wazi kabisa, mwanga mkali hupata ukingo laini, na mandhari ya nyuma huyeyuka polepole bila vurugu. Likifungwa kidogo, picha inakaza ghafla, ngozi inapata vinyweleo na kitambaa kinapata nyuzi. Zaidi ya hayo, kadiri tundu linavyofungwa ndivyo sehemu iliyo kali inavyohama kidogo kuelekea nyuma, na anayeitumia lenzi bila kuijua atabaki kuilaumu kamera. Jicho la Duncan linaishi ndani ya tabia hizi. Anazungumza kwa ukali, na ukali huo anauelekeza mahali pamoja tu, usoni.

Kapteni kwenye mvua

Tuichukue sasa picha yenyewe. Ni Septemba 1950, karibu na mto Naktong, kwenye kilima ambacho Wamarekani walikiita kilima kisicho na jina. Kapteni Francis Fenton, aliyejulikana kwa jina la Ike, anaongoza kombania iliyopukutika. Mvua inanyesha, risasi zinakaribia kwisha, na hakuna dalili ya msaada.

Ndani ya fremu hakuna adui. Hakuna bunduki inayofyatuliwa, wala kilima chenyewe hakionekani. Kuna kofia ya chuma yenye kitambaa kilicholowa, ndevu za siku nyingi, mdomo uliolegea, na macho yanayopita pembeni mwetu kwenda mbali. Fani yote imejengwa juu ya macho hayo. Anachokitazama Fenton hatuonyeshwi. Vita vimewekwa nje ya fremu, upande ule macho yanakoelekea, na sisi tunavisoma kwa alama vilizoacha kwenye ngozi ya mtu mmoja. Mpigapicha mwingine angegeuka kuonyesha bonde na moshi. Duncan anaacha pengo, na pengo hilo linatulazimisha kulijaza.

Umbali nao unasema. Huu ni umbali wa watu wawili wanaozungumza, ambapo mtu anamsikia mwenzake bila kupaza sauti. Mwandishi wa habari mwenye lenzi ya kawaida ya milimita 50, akitaka uso ujae namna hii, ingembidi amsogelee kamanda mpaka amkere. Lenzi ndefu zaidi, kama ya milimita 85, humruhusu mtu abaki mahali pa heshima na bado asome kope. Ukaribu wa Duncan una adabu ndani yake, na adabu hiyo ni ya kioo kabla ya kuwa ya moyo.

Halafu kuna kina. Lenzi ya milimita 85 ikiwa wazi kwa f/2, kwa umbali wa mita 2, hushika kwa ukali unene wa sentimita 6 au 7 tu, nafasi inayotosha jicho na shavu. Kwa tundu dogo zaidi kina huongezeka. Lakini mwenye kuifanyia kazi lenzi kama hii hujenga nidhamu ya mkono na jicho inayobaki naye kwenye kila tundu: chagua kitu kimoja chenye uzito kuliko vyote, kilenge hicho, na kila kingine kijipange kwa kukifuata. Picha ya Fenton ina nidhamu hiyo. Ukifunika macho yake kwa kidole, picha nzima inaanguka, kwa sababu kila kilichobaki kilikuwa kinayategemea.

Kando ya Fenton tuweke picha ya Koplo Leonard Hayworth, mpiga bunduki ya rashasha, kutoka kilima hichohicho. Ameshuka kutafuta risasi, ameambiwa hakuna, naye analia. Kofia ya chuma ni ileile na ukaribu ni uleule, lakini uso umefunguka: kilichoganda kwa kapteni kimepasuka kwa koplo. Zisome kama mishororo miwili ya ubeti mmoja. Mshororo wa kwanza unafunga, wa pili unafungua, na kinachoiunganisha ni kipimo kimoja cha umbali. Kama koplo angepigwa kwa mbali na kapteni kwa karibu, tungepata matukio mawili. Kwa kuwa kipimo ni kimoja, cheo kinatoweka na tunabaki na watu wawili waliofikishwa kwenye ukingo mmoja. Baadaye Duncan alimkuta Hayworth tena, akamwonyesha jarida lililobeba uso wake. Kabla ya mwezi kwisha, koplo aliuawa katika mapigano ya Seoul.

Kioo hakiamrishi

Hapa panahitaji tahadhari, kwa sababu ni rahisi kukipa kifaa sifa ya mtu. Mpigapicha wa vita Robert Capa alipotua kwenye ufuo wa Omaha tarehe 6 Juni 1944 alibeba Contax, nayo ni kamera ya renjifainda iliyozaliwa pamoja na Sonnar. Hata hivyo, picha zake za siku ile hazifanani na za Duncan hata kidogo. Kwa Capa ni miili majini, ukungu wa mwendo, upeo uliopinda. Vita ni mtikisiko, na picha inatikisika navyo. Kwa Duncan vita ni utulivu wa kutisha unaobaki usoni baada ya mtikisiko. Vifaa ni vya ukoo mmoja, fani ni mbili.

Kwa hiyo kioo hakimwamrishi mtu, kinamruhusu. Nikkor ilimruhusu Duncan kuchukua sura ya mtu kwenye mvua na magizani kwa ukali uliokuwa wa studio, naye akaukubali mwaliko huo mpaka mwisho wake. Capa alipewa ruhusa inayokaribiana na hiyo akaitumia kukimbia na wanaokimbia. Uhakiki wa vifaa una maana pale tu tunapoweza kuonyesha mlango upi kioo kilifungua na mtunzi aliingia vipi.

Ukurasa bila maelezo

Ushahidi mkubwa kwamba Duncan aliielewa fani yake uko katika mpangilio wa kitabu. Chini ya picha hakuna maelezo. Kila sehemu ina maandishi yake yanayotangulia, kisha maneno yananyamaza na picha zinafuatana ukurasa baada ya ukurasa. Msomaji hapati jina, cheo wala tarehe kando ya uso. Inambidi akumbuke alichosoma, akibebe, akilinganishe mwenyewe na anachokiona.

Kuondoa maelezo ya picha ndiyo f/2 ya ukurasa. Tundu kubwa hufuta mandhari ili uso ubaki. Ukurasa mtupu hufuta habari ili uso ubaki. Mkono ni mmoja, unafanya kazi ileile mara mbili, kwenye kioo na kwenye karatasi. Hapa ndipo ninapokiona kitabu hiki kuwa kazi ya sanaa iliyokamilika na si mkusanyiko wa picha nzuri za gazeti. Kanuni ya sehemu ndogo kabisa, ile inayoamua jicho liwe kali na sikio lififie, ndiyo kanuni ya kitabu kizima.

Sehemu ya tatu inaonyesha kanuni hiyo katika kilele chake. Marine wanarudi kutoka bwawa la Chosin katika baridi ya nyuzi zinazokaribia 30 chini ya sifuri. Duncan alikuwa akizificha kamera ndani ya nguo zake, kwa sababu filamu iliyoganda hukatika. Kuna askari mmoja, ana mkebe wa chakula kilichoganda, uso umevimba kwa baridi, macho yamepoteza mahali pa kutua. Duncan anasimulia kwamba alimuuliza angetaka zawadi gani kama yeye Duncan angekuwa Mungu, na askari akajibu kwamba alitaka kesho tu. Jibu hilo liko kwenye maandishi, na uso uko kwenye picha. Yangewekwa pamoja, maneno yangemaliza kazi ya uso na uso ungegeuka kielelezo cha maneno. Yalivyotenganishwa, msomaji ndiye anayeyapeleka maneno kwa mwenyewe. Ni uamuzi wa fani, na bila huo kisa kingelainika kuwa kisa cha kusikitisha tu.

Walioachwa kwenye ukungu

Fani inayochagua huacha pia, na mhakiki ana wajibu wa kuwauliza walioachwa. Vita vya This Is War! vinapiganwa Korea, lakini Korea yenyewe iko wapi? Katika sehemu ya Seoul raia wapo, wanapita barabarani kati ya vifaru, kina mama na watoto, wazee na mizigo. Wengi wao wamepigwa kwa umbali wa kati, katika makundi, mwilini kuliko usoni. Ule umbali wa mazungumzo, ile sentimita 6 ya ukali iliyotolewa kwa Fenton na Hayworth, kwa sehemu kubwa imewekwa akiba kwa Marine. Askari wa upande wa pili, wa Korea Kaskazini na baadaye wa China, wana nafasi finyu zaidi.

Duncan alikuwa Marine, aliwapenda wenzake, na kitabu hakifichi hilo. Simlaumu kwa kupenda. Lakini fani aliyoijenga ina falsafa ndani yake: anayekaribiwa ni mtu, na anayebaki nyuma ya fokasi ni mandhari. Ukiitumia kanuni hiyo kwa upande mmoja, nchi ya watu wengine inageuka pazia la kijivu nyuma ya huzuni ya wageni. Mamilioni ya Wakorea walipitia vita hivyo wakiwa na nyuso ambazo Nikkor ileile ingeweza kuzisoma vizuri vilevile. Kina kifupi cha fokasi ni uamuzi wa nani aonekane, na hapa uamuzi ulielemea upande mmoja. Nakiheshimu kitabu hiki kiasi cha kutaka kulisema hilo wazi.

Kilichoenea baadaye

Sifa za lenzi hizo hazikubaki kwa Duncan. Tarehe 10 Desemba 1950, New York Times iliandika kuhusu jinsi kamera na lenzi za Nikon zilivyopokelewa na wapigapicha wa vita, na kioo cha Kijapani kikaacha kuonekana nakala ya bei rahisi. Leitz walipotoa Leica M3 mwaka 1954, mdomo wa kamera mpya ulikaa milimita 27.8 kutoka kwenye filamu, pungufu ya ule wa zamani kwa milimita 1 kamili. Unene huo ndio wa adapta inayoziwezesha lenzi zote za skrubu kuingia kwenye kamera mpya. Kwa hiyo Nikkor ya mwaka 1950 inafungika hata leo kwenye Leica ya M, ya filamu au ya dijitali, na renjifainda yake inaendelea kuielewa.

Ukoo wenyewe ulisambaa. Baada ya vita Wasovieti walihamisha ujuzi na mitambo ya Zeiss, kampuni iliyotengeneza Contax na Sonnar, wakatengeneza Jupiter-3 ya milimita 50, f/1.5, na Jupiter-9 ya milimita 85, f/2, ambazo ni Sonnar kwa jina jingine, na zimewapa mwanga mwingi watu wasio na fedha nyingi. Mwaka 1999 kampuni ya Cosina ya Japani ilifufua lenzi za skrubu chini ya jina la Voigtländer, na mlango ukapanuka tena. Mwenye kununua lenzi ya namna hii kuukuu anapaswa kufanya kama Duncan na Bristol kule Ohi: aipime kwenye kamera yake mwenyewe, tundu likiwa wazi, mita 1 na mita 2, kabla hajaikabidhi uso wa mtu. Pete ya nyuma ikidanganya, hakuna ustadi utakaoirekebisha kwenye fremu.

Lakini kipimo kigumu zaidi ni cha fani. Leo ukungu wa nyuma umekuwa pambo, watu hufungua lenzi mpaka mwisho kwa sababu picha inapendeza, na mandhari hufutwa bila mtu kuuliza kilichofutwa. Picha za Duncan zinadai swali hilo lijibiwe kila mara. Kwa Fenton jibu lipo: kilima kimeondolewa ili tukisome machoni pake, na tunakisoma kweli. Kwa raia wa Seoul jibu halitoshi. Kitabu kimoja, mpigapicha mmoja, lenzi zilezile, na bado fani imefaulu mahali na kupungua mahali, kwa sababu ukaribu uligawiwa kwa mkono wa mtu. Lenzi nafuu yenye tundu kubwa iliufanya ukaribu huo uwezekane kwa wengi. Kuugawa kwa haki ni kazi ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuifanya kwa niaba ya mpigapicha, na ndipo mahali ninapotaka tuanze kumhakiki yeyote anayeinua kamera leo.